Mshumaa wa Asiye na Kaburi

Wakubwa wakikutana kuzungumzia usalama wa Ulaya, hupigwa picha wakishikana mikono. Mikono misafi, yenye saa za bei. Zenon Kurpas alikuwa akiziona picha hizo kwenye taarifa ya habari, akiguna, akiendelea kuchovya mkate wake kwenye supu. Hakuwa na ugomvi nao, wala si kwamba aliwadharau. Ila yeye aliijua mikono mingine, ambayo hakuna mpiga picha aliyeihangaikia, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa na kidole cha shahada kilichobaki nusu.

Zenon alikuwa fundi wa mizinga katika karakana ya jeshi, kwenye mji mdogo wa Poland ulio karibu na mpaka wa Ukraine. Tangu vita vianze, karakana iligeuka soko la mataifa. Mizinga ilitoka Norway, vipuri vilitoka Ujerumani na Marekani, grisi ilitoka kwa Wacheki, na matusi yalitoka kwa kila mtu kwa lugha yake. Mzinga ukiharibika vitani, kuuleta huku kwa treni kulikula muda mrefu, na adui hangoji mtu atengeneze. Ndipo ukabuniwa utaratibu wa simu. Askari kule kwenye mahandaki anaelekeza kamera kwenye ubovu, fundi huku anautazama kwenye kioo kikubwa ukutani, anamwambia shika hapa, legeza pale. Mpoland na Muukraine husikilizana nusu nusu, maana lugha zao ni ndugu, lakini mbele ya mzinga nusu haitoshi. Kwa hiyo katikati alikaa Uliana, mwalimu wa shule aliyekimbia Kharkiv na binti yake, akitafsiri.

Masharti yalikuwa machache na makali. Kamera isionyeshe uso. Isionyeshe mahali. Asiulizwe mtu yuko wapi, wala kwao ni wapi. Basi mafundi wakawajua wenzao kwa mikono tu, vile mtu anavyomjua jirani kwa hatua zake ngazini.

Mwenye kidole nusu aliitwa Nazar. Mzinga wao waliubatiza Ng'ombe, kwa sababu haukuacha kuvuja.

"Mjomba Zenon, Ng'ombe anavuja tena," angesema, na mkono ule ungeingia kwenye kioo ukiwa umelowa mafuta mpaka kwenye kiwiko.

"Umemkamua vibaya. Nilikwambia ile sili ya mpira, ya kuzuia mafuta, uipake grisi kwanza ndipo uisukume."

"Niliipaka!"

"Uliipaka kama mtu anayepaka siagi ya mkopo. Itoe. Anza upya."

Habari ya kile kidole Nazar aliieleza mwenyewe siku ya kwanza. "Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, nikiwa mtoto. Lakini wasichana nawaambia ni vita." Eivind, fundi wa Kinorwe aliyekuja na mizinga ya kwao akakataa kurudi, alitafsiriwa utani huo akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. Tangu hapo, Nazar akipiga simu, Eivind aliacha kazi yake akaja kusimama nyuma ya Zenon, hata kama hakuwa na la kusema.

Nyumbani kwa Zenon kulikuwa na vita vingine, vya zamani, ambavyo havikuwa vimekwisha.

Mama yake, Bibi Bronia, alizaliwa Gruszówka, kijiji cha Wapoland huko Volyn, upande ambao leo ni Ukraine. Ng'ambo ya kijito waliishi Waukraine. Waliazimana chumvi, waliitana kwenye harusi, watoto wao walioga pamoja. Kisha, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, kiangazi kimoja wanaume wa ng'ambo walikuja alfajiri na shoka na moto. Bronia alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Baba yake alimpitisha katikati ya ngano akiwa amemziba mdomo kwa kiganja. Mama yake alibaki nyuma kumtafuta mbuzi, ati asiungue. Mbuzi! Bibi Bronia hakuwahi kumsamehe hata yule mbuzi.

Mpaka ukahamishwa, Gruszówka ikabaki upande wa pili, nyumba zikawa majivu na majivu yakawa nyasi. Nani alimzika mama yake, wapi, au kama alizikwa, hakuna aliyesema. Na kwa Mpoland hilo ni jeraha lisilopoa, maana kila Novemba mosi, Sikukuu ya Watakatifu Wote, nchi nzima inakwenda makaburini na mishumaa kwenye gilasi na maua ya vyungu. Aliye na kaburi anawasha kaburini. Asiye na kaburi, ambaye mtu wake alipotelea mbali, anawasha chini ya msalaba mkubwa ulio katikati ya makaburi. Bibi Bronia alikuwa na kaburi la baba yake, akiwasha hapo mshumaa mmoja. Wa pili aliupeleka msalabani, akauweka upande ule ule kila mwaka, akasimama akiutazama kwa hasira.

"Mama anakaa barazani kwa watu," alisema. "Kama ombaomba."

Paroko aliwahi kumpoza. "Bronia, yaliyopita si ndwele."

"Si ndwele kwa asiyeugua, baba paroko," alimjibu, na paroko akafyata ulimi.

Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alimvuta Zenon pembeni akamwambia asitegemee majira mengi ya baridi. Mama mwenyewe alilijua bila kuambiwa. "Sitaki kitu, Zenek," alisema, akimwita kwa jina la utotoni, amekalia kiti chake dirishani, chai ya limau mkononi. "Nataka kujua amelala wapi, kabla sijalala mimi. Halafu basi." Zenon alikuwa ameandika kwa ofisi za nchi mbili mpaka nywele zikamnyonyoka. Ofisi moja ilimtuma kwa nyingine, na nyingine ikamtuma kwa ile ya kwanza.

Kuhusu kazi ya mwanawe mama hakuwa na kinyongo. "Wasaidie. Mrusi akimaliza kwao atakuja kwetu, hilo nalijua vizuri kuliko hao wa kwenye televisheni. Watengenezee mizinga yao usiku na mchana. Ila usiniletee mmoja wao humu ndani."

Siku moja ya mvua walikuwa wakingoja mafuta machafu yachuruzike kutoka kwenye silinda ya Ng'ombe. Ni kazi ya kukaa tu. Nazar, kwa kutotulia kwake, alichomoa kitu mfukoni akakileta mbele ya kamera: kipande cheusi, kimekunjamana.

"Karibu, mjomba. Peasi la kukaushwa kwenye tanuri. Bibi yangu kaniletea mfuko mzima."

"Mama yangu huyasifu mpaka leo ya namna hiyo," Zenon alisema. "Ya kwao."

"Kwao ni wapi?"

Hapo Zenon alipaswa kunyamaza. Masharti aliyajua, mengine aliyapigia kelele mwenyewe. Lakini mvua ilikuwa ikipiga bati, na ile harufu ya mapeasi asiyoyanusa ilikuwa imemjaa kichwani. "Gruszówka," akasema. "Volyn."

Uliana alimgeukia akamkazia macho, kisha akatafsiri, ingawa jina halikuhitaji tafsiri. Ule mkono wenye peasi ulibaki hewani. Mafuta yalidondoka, yakadondoka.

"Pale si kijiji tena, mjomba," Nazar alisema taratibu. "Ni uwanda na mti mmoja. Sisi tuko ng'ambo ya kijito."

Eivind, ambaye hakuwa ameelewa hata neno, akauliza kwa sauti kubwa, "Vipi, mafuta yamekwisha?"

Zenon aliona damu ikimpanda. Alikuwa amekaa na mkono ule miezi na miezi, ameufundisha, ameutania, ameuombea. Ng'ambo ya kijito! Akasema, bila kujali Uliana atatafsiri vipi, "Mama yangu alimwacha mama yake hapo. Hajui alizikwa wapi. Waliomuua walitoka kwenu."

Uliana alitafsiri akitazama meza.

"Najua," sauti ikasema. "Na mjomba wa bibi yangu aliuawa na waliokuja kulipiza. Hao walitoka kwenu." Nazar akaendelea. "Kuna mti wa mapeasi pale. Hatulishi ng'ombe chini yake. Nilipokuwa mtoto niliupanda, bibi akanichapa fimbo mpaka leo nakumbuka, na hakuniambia kwa nini. Nikipata likizo nitamuuliza."

"Usimsumbue bibi wa watu."

"Mjomba, Ng'ombe huyu umenifufulia mara ngapi? Acha na mimi nikutengenezee kitu kimoja."

Mafuta yalikuwa yamekwisha kweli. Wakafunga nati, wakaagana. Zenon alikaa pale mbele ya kioo kilichozimwa, hasira imemtoka yote, akijionea haya. Aliomba Mungu likizo ya kijana ije upesi, kabla moyo wa mama haujachoka kabisa.

Likizo ilikuja mwezi wa Agosti. Ilikuwa Jumapili, Zenon na mama yake wako mezani kwenye supu ya kuku, simu yake ikalia namba ya Ukraine asiyoijua. Akapokea. Kwenye kioo kidogo aliona kitambaa cha meza kilichotariziwa nyekundu na nyeusi, na juu yake mkono. Kidole nusu. Hata akiwa kwao, hata bila hatari, kijana alikuwa ameelekeza simu kwenye mikono kwa mazoea.

"Mjomba! Niko kwa bibi, hii ni simu yake." Alisema polepole, akichanganya maneno ya lugha zote mbili ili aeleweke bila Uliana. "Mama yupo? Naomba nimsalimie tu. Halafu nina neno la kumwambia."

Zenon akamtazama mama yake. Bibi Bronia alikuwa ameshasikia. Aliweka kijiko chini, akajifuta midomo, akanyoosha mgongo.

"Ni wa huko?"

"Mama, ni yule kijana wa..."

"Mwambie sina salamu na watu wa huko." Hakupunguza sauti. Aliipandisha. "Wakaulizane kwanza walimtupa wapi mama yangu. Wakishajua, ndipo waje kunisalimia!"

Maneno kama hayo hayahitaji mkalimani. Mkono ule juu ya kitambaa ulijikunja, ukajikunjua.

"Ana haki, mjomba," Nazar alisema. "Basi, si leo. Nitakuletea mwenyewe. Kuleni, chakula kisipoe."

Zenon angeweza kutoka nje na simu. Angeweza kumpigia tena, dakika ile ile, akamuuliza: ni neno gani? Lakini aliona aibu, aibu ile ya mtu ambaye mama yake amemfukuza mgeni mlangoni, na aibu humfanya mtu mjinga. Alisema kwaheri akakata. Wakaimaliza supu. Jioni mama alisema tu, kama anayejiambia mwenyewe, "Sauti yake ni ya mtoto," na Zenon akaenda kuosha vyombo, bado amemkasirikia.

Oktoba wakaja wageni. Ulikuwa ujumbe wa nchi nyingi: majenerali, manaibu waziri, watu wa vyeo ambavyo Zenon hakujua vinafanya nini, na wapiga picha. Karakana ilifagiliwa mpaka panya wakahama. Zilitolewa hotuba. Ushirikiano utaimarishwa, usalama wa mmoja ni usalama wa wote, Ulaya haitalegea. Maneno mazuri, na ya kweli pia, tusiwaonee. Kisha mkuu wa karakana, akitokwa na jasho la furaha, akasema wageni wataona kwa macho yao fundi wa Poland akimsaidia askari aliyeko vitani. Ng'ombe alikuwa amepiga simu asubuhi, ana tatizo. Yesu na Maria, bahati iliyoje!

Kioo kikawaka. Mikono ikaingia.

Ilikuwa na vidole vyote.

Zenon alivihesabu kwa macho, akarudia, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko alioshautafuta. "Nipe Nazar," akasema.

Mikono ile ikajipangusa kwenye suruali. "Nazar hayupo."

"Yuko likizo?"

"Hayupo, mjomba," sauti ngeni ikasema, na kule kuitwa mjomba na mtu asiyemjua ndiko kulikomwambia Zenon kila kitu. Jina lilikuwa limerithiwa.

Uliana alikuwa amebana midomo. Mama mmoja wa ujumbe, mwenye koti la kijivu na uso wa upole, akamwinamia akamuuliza kwa Kiingereza, huyo askari anasema nini?

"Anasema mafuta yanavuja," Uliana alijibu. Na ilikuwa kweli yanavuja.

Nyuma yake Zenon alisikia Eivind akivuta pumzi. Yeye naye alikuwa ameiona mikono. Zenon alitaka kuinuka atoke, aende popote. Lakini mzinga uko wazi, mtoto wa watu yuko kando yake, na huko juu kuna videge vya mabomu visivyo na rubani, vinavyotafuta mtu aliyesimama mahali pamoja muda mrefu. Akasogea karibu na kioo. "Haya, mwanangu. Chukua spana kubwa. Fungua boliti ile ya chini. Taratibu. Hiyo sili ukiitoa, ipake grisi kwanza." Sauti ikamkatika hapo kwenye grisi, akakohoa, akaendelea. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, maana mikono yote miwili alikuwa ameinyanyua hewani, akionyesha namna ya kuzungusha.

Kazi ikaisha vizuri. Mtutu ukarudi mahali pake, mafuta hayakudondoka. Wageni wakapiga makofi. Mtu mmoja akampiga picha Zenon akilia, na baadaye ilitoka gazetini na maneno chini yake kwamba fundi amejawa na furaha. Loo, dunia hii!

Wageni walipokwenda kula, Zenon aliomba simu ipigwe tena. Mwenye vidole vyote aliitwa Hlib. Alisema walilazimika kuacha eneo lile. Nazar alibaki kumchomoa Ng'ombe kwenye tope ili lori limvute, akamchomoa, lori likaondoka na Ng'ombe, na Nazar akabaki nyuma kwa miguu. Videge vikamfuata. "Pale alipoanguka sasa wamekaa Warusi. Hatukuweza kumchukua. Hatujui kama wamemfukia au wamemwacha."

"Bibi yake anajua?"

"Anajua." Hlib akaendelea. "Mjomba, mtutu wa Ng'ombe umelika, wiki hii anakuja kwenu kwa treni. Angalia kwenye sanduku la spana, chini ya matambara. Nazar alirudi na kitu kutoka likizo. Alisema ni cha mama yako, na tukikigusa atatukata vidole tufanane naye."

Ng'ombe alifika siku chache kabla ya sikukuu, amechubuka, ana matope makavu mpaka kwenye magurudumu. Zenon hakungoja ashushwe. Alipanda juu ya behewa akafungua sanduku, akatoa spana, akatoa matambara. Chini kabisa palikuwa na chupa ya asali ya zamani, yenye kifuniko cha bati, imejaa udongo mweusi.

Akaigeuza kwenye mwanga. Ndani ya udongo mlikuwa na vipande vyembamba, vingine vyekundu, vingine vimepauka mpaka vikawa karibu vyeupe. Eivind, aliyekuwa amepanda naye, akauliza ni kauri? Zenon hakujua. Ni Uliana, aliyekuwa akiwangoja chini kando ya behewa, aliyeishika chupa, akaitazama, kisha akakaa pale pale juu ya reli akafunika uso.

"Ni maganda ya mayai," alisema. "Mayai ya Pasaka. Kwetu, baada ya Pasaka, tunakwenda kwa wafu wetu, tunawaachia yai la rangi kaburini." Akaomba simu ya Zenon. Namba ya bibi ilikuwa bado imo, ile ya Jumapili ya supu. Alipiga akazungumza muda mrefu, hasa akisikiliza, na Zenon akasimama kando yake ameikumbatia chupa.

Jioni ile alimleta Uliana nyumbani bila kumwomba mama yake ruhusa. Bibi Bronia alimtazama mgeni kuanzia viatu, akawa anataka kusema, lakini Zenon alishaiweka chupa mezani mbele yake.

"Ni nini hiki?"

"Udongo wa Gruszówka, mama. Wa pale alipolala."

Mkono wa mama ukaenda kifuani, Zenon akaruka kumshika, naye akamsukuma. "Niache. Nani amesema?"

Uliana alimweleza akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Bibi yake Nazar anaitwa Motria. Siku ile alikuwa mtoto mdogo kama Bronia. Kulipopoa, mama yake Motria alivuka kijito peke yake, bila mumewe kujua, akamchimbia jirani yake kaburi chini ya mti wa mapeasi, kwa sababu jirani huyo ndiye aliyekuwa akimnyonyeshea mtoto wake yeye mwenyewe alipougua. Hakuthubutu kuweka msalaba. Angeuawa na watu wake, na baadaye angefungwa na serikali. Lakini kila mwaka baada ya Pasaka alipeleka yai, akalizika kwa kidole. Alipokufa akamwachia kazi hiyo Motria. "Motria anasema hakukosa mwaka hata mmoja. Hakumwambia mtu, hata watoto wake. Agosti hii alimwambia mjukuu wake, kwa sababu aliulizwa."

Bibi Bronia alikuwa amefungua kifuniko. Alichukua kipande cha ganda kwa ncha za vidole, chekundu, cha mwaka huu labda, akakiweka kwenye kitambaa cha meza. Akachukua kingine. Miaka yote ile alidhani mama yake amelala kama mzoga, na kumbe alikuwa akitembelewa.

"Alipiga simu kuniambia hili," alisema.

Akavipanga vile vipande viwili kando kando.

"Siku ile ya supu, alitaka kuniambia hili, nami nikamfungia mlango." Akamtazama Zenon, na Zenon hakuwahi kumwona mama yake na uso ule. "Mwite. Nitasema naye sasa hivi. Mwite, Zenek!"

Zenon alipiga magoti mbele ya kiti akamwambia. Mama alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, bila kujificha. Uliana akazunguka meza akamkumbatia, na Bibi Bronia, ambaye hakutaka mmoja wao ndani ya nyumba yake, alimshika mgongoni kwa nguvu mpaka sweta ikavutika.

Novemba mosi kulikuwa na upepo mkali. Makaburini watu walijaa, vyungu vya maua vya njano na vyeupe kila mahali, moshi wa nta puani. Bibi Bronia alikwenda kwa kiti cha magurudumu, amevaa koti lake la kanisani, chupa mapajani. Kwenye kaburi la baba yake Zenon alifukua kidogo kwa koleo la bustani, na mama akaumimina udongo ule kwa mkono wake mwenyewe, na maganda yake, akausawazisha. Akawasha mshumaa.

"Haya, baba. Amekuja. Usimuulize habari ya mbuzi."

Zenon alicheka na kulia kwa pamoja. Mfukoni alikuwa na mshumaa wa pili, alionunua kwa mazoea, kama kila mwaka, na sasa hakujua aufanyeje. Akautoa akasema, "Huu nao tuuwashe hapa hapa? Mama yako hayuko tena msalabani."

"Nisukume huko," mama akasema.

Chini ya msalaba mkubwa mishumaa ilikuwa mingi mwaka huu, na mingine ilikuwa na utepe wa bluu na njano, ya wakimbizi. Ile sehemu ya Bibi Bronia ilikuwa wazi, kama watu waliijua. Uliana alikuwa akiwangoja pale na binti yake. Mama akamwambia, "Nipigie huyo mwanamke."

Motria alipokea, lakini hakujua kushika simu. Uso wake haukuonekana. Ilionekana mikono tu, mikubwa, myekundu kwa baridi, imelala juu ya kile kitambaa kilichotariziwa.

"Motria," Bibi Bronia alisema. "Mimi ni Bronia, wa Gruszówka."

Mikono ile ikashikana.

"Mjukuu wako alinipigia, sikumpokea. Nilidhani nina siku nyingi za kukasirika."

Uliana alitafsiri. Sauti ya kizee ikajibu, na Uliana akaitafsiri. "Anasema Nazar alicheka. Alimwambia, bibi, yule ana ulimi kama wako, mngepatana."

Bibi Bronia alifumba macho. Alipoyafumbua aliuliza, "Kijana amezikwa wapi?"

"Hana kaburi," Uliana alijibu mwenyewe, kabla hata hajamtafsiria Motria swali.

Mama alinyoosha mkono. Zenon akampa mshumaa. Aliinama kutoka kwenye kiti, kwa shida, akakataa kusaidiwa, akaiweka gilasi upande ule ule aliouzoea.

"Mwambie basi akae hapa, mpaka mtakapompata. Mama yangu alikaa hapa miaka yote hiyo. Mwambie nitakuja mwenyewe kumwangalia, na nikishindwa mwanangu atakuja. Na Pasaka atapata yai."

Mikono kwenye simu ilifunika kioo, wakawa hawaoni kitu, wanasikia tu. Bibi Bronia alipiga kiberiti, upepo ukakizima. Akapiga kingine, kikazimika.

"Zenek," alisema, "usisimame tu hapo. Kinga upepo."

Zenon akapiga magoti kwenye majani, akaizungushia gilasi mikono yake miwili, ile iliyojaa grisi isiyotoka kwa sabuni.